Nafasi ya Corinne kwenye Mstari wa Baritoni

Mama anaweza kumfanyia mwanawe ubaya bila hata kumnyanyulia mkono. Bernadine Hudock alimfanyia wa kwake kwa kutaja namba moja tu.

Ilikuwa Januari, theluji imefika kwenye vioo vya chini vya ukumbi wa zimamoto. Walt Dombroski alikuwa amekaa na kompyuta yake, kahawa imempoa pembeni. Walt ndiye mkuu wa Washika Taa, kikosi cha ngoma na tarumbeta cha watu wa rika zote wa Marlin Creek, na ndiye pia anayekichorea. Kuchora ni kazi ya majira ya baridi. Kila mtu anapewa namba, na kila namba inapewa mahali pake pa kusimama uwanjani kwa kila pigo la muziki, hatua kwa hatua, mpaka zile dakika kumi na moja za onyesho ziishe. Huwezi kuchora kabla ya kujua mko wangapi. Wa kuhesabu watu alikuwa Bernadine, kwa sababu ndiye katibu, na kwa sababu katika miaka ishirini na sita hesabu yake haijawahi kukosea.

"Haya dada, nipe namba," alisema Walt.

"Thelathini na moja."

Walt akainua macho. "Na Corinne humo?"

"Na Corinne humo."

"Si nilisikia amekwenda kujaribiwa kwa Mwewe?"

"Amekwenda kuonja tu. Atarudi. Ameniahidi."

Corinne hakuwa ameahidi kitu. Mwezi wa kumi na moja, wakiwa jikoni wote wawili na unga mpaka kwenye viwiko, wanatengeneza pierogi za kanisa, zile za unga uliojazwa viazi, binti alikuwa ameweka uma chini akamtazama mama yake usoni. "Mama, nisikilize vizuri. Wamenichukua. Msimu huu sipo na nyie. Usinisubiri." Bernadine alisikia vizuri kabisa. Aliendelea kubana kingo za pierogi, moja baada ya nyingine, akasema viazi vya mwaka huu vina maji mengi.

Mwewe ni kikosi cha mjini, mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari. Wako themanini na zaidi, wana malori yao matatu na mwalimu kwa kila aina ya tarumbeta. Hawamwibi mtu, tuseme ukweli. Wanashinda tu, na mpigaji mzuri akishaona wanavyoshinda, miguu yake yenyewe inaanza kwenda. Bernadine alipokuwa msichana vikosi vidogo kama cha kwao vilikuwa kumi na vinane katika chama chao. Miji yote ya makaa ya mawe ilikuwa na chake. Sasa vimebaki sita. Kila kikao cha chama cha majira ya baridi yeye ndiye aliyesimama kusema wakubwa wanawala wadogo, na wadogo wakiisha wakubwa watashindana na nani? Watu walimpigia makofi. Alikuwa na haki. Lakini haki ile ilikuwa imekaa juu ya kitu kingine, na hicho hakukisimamia kikaoni.

Kitu chenyewe ni kwamba Corinne alikuwa amesimama kuliani kwake tangu ana miaka kumi na mitano. Majira ya joto tisa, hatua mbili kutoka bega lake la kulia, baritoni kwa baritoni, zile tarumbeta nene za sauti ya kati. Kabla ya noti ya kwanza mtoto yule alikuwa anavuta pumzi kwa pua, kidogo, kama mtu anayenusa supu, na Bernadine alikuwa anaingia kwa pumzi ile, haangalii hata mkono wa Walt unaoongoza. Baba yake Corinne aliondoka mapema. Nyumbani mama na binti waligombana juu ya kila kitu, kuanzia nywele mpaka ada ya chuo. Uwanjani hawakugombana hata siku moja. Kwa hiyo alipotaja thelathini na moja hakuona anadanganya. Aliona anaacha mlango wazi.

Walt akachora thelathini na mmoja.

Theluji ikayeyuka, wakatoka ukumbini kwenda kufanyia mazoezi kwenye maegesho ya shule ya sekondari, Jumapili kwa Jumapili, mistari imechorwa kwa chaki, mashine ya kuhesabu mapigo inalia ta ta ta kwenye spika. Na pale kwenye mstari wa baritoni, kati ya Bernadine na kijana mmoja wa posta, kukawa na pengo.

Washika Taa wana desturi yao. Mahali ulipochorewa ni pako. Usipokuwepo, hapaguswi. Hakuna anayesogea kuziba, na hakuna anayepita juu yake hata akiwa anakimbilia maji, anazunguka. Ndivyo walivyofanya kwa wagonjwa, kwa waliokwenda jeshini, kwa wanaojifungua. Mwenyewe akirudi anakuta pako vile vile. Desturi nzuri, imewafanya watu wengi wasiondoke. Basi Aprili nzima, watu thelathini wakawa wanazunguka kipande cha lami kitupu kwa heshima, na Bernadine anawatazama wanavyozunguka, roho inamtulia.

"Binti yuko wapi leo?" Walt aliuliza Jumapili ya kwanza.

"Kazini."

Jumapili ya pili mafua. Jumapili ya tatu gari. Dolores Matlack, anayepiga ngoma kubwa na ambaye ulimi wake nao ni ngoma, akamwambia wakiwa wanakula mikate yao nyuma ya lori, "Shoga, tunamsubiri Corinne kama tunavyosubiri treni ya makaa. Mwisho watu watatuambia reli iling'olewa zamani."

"Atakuja."

"Amesema lini?"

"Amesema atakuja, Dolores. Wewe kula mkate."

Mei akaja mtu. Walikuwa wamesimama kupumzika, akashuka kwenye gari la kazi lenye ngazi juu, mwanamume wa miaka arobaini na minane hivi, mrefu, amechana nywele kwa maji. Akauliza nani mwenyeji hapa, wakamwelekeza kwa katibu.

"Naitwa Reuben Stoltz, mama. Natengeneza mafriji. Shuleni nilipiga baritoni, miaka mingi imepita, lakini tangu Krismasi nafanya mazoezi gereji, mbwa wa jirani ni shahidi." Akatoa kwenye mfuko wa shati kipande cha mdomoni cha tarumbeta, kimefungwa kwa leso safi. "Nimesikia mnatafuta watu."

Miaka minane hakuna mtu mzima aliyeshuka kwenye gari akaja mwenyewe kuomba. Bernadine alilijua hilo kuliko yeyote pale. Alikitazama kile kipande kwenye leso.

"Mwaka huu tumejaa," alisema. "Mchoro umeshafungwa."

Reuben akageuka kutazama mistari, si kwa ubishi, ni mtu anayetengeneza vitu tu, jicho lake linaona kisichofungwa. "Naona kama pale kuna nafasi. Kwenye baritoni."

"Pale pana mwenyewe."

"Oo. Samahani mama." Akakunja leso yake. "Basi naweza kukaa kutazama?"

Alikaa kwenye ukingo wa njia mpaka mazoezi yakaisha, akapiga makofi peke yake, akaondoka. Walt alikuwa upande wa pili na wapiga ngoma. Akauliza yule nani. Bernadine akamjibu ni fundi friji, alikuwa anapita.

Juni yakaanza mashindano. Jaji wa gwaride hutazama onyesho huku anasema kwenye kinasa sauti, na kikosi baadaye hukaa kikasikiliza alivyosema. Washika Taa walisikiliza ukumbini, wanakula haluski, tambi za kabichi, kwenye sahani za karatasi. Sauti ilianza kwa upole. Wapiga ngoma wazuri. Bendera vizuri, vizuri. Halafu: "Baritoni, kuna pengo hapo." Baada ya muda: "Bado lipo." Kisha sauti ikachoka. "Jamani, sijui ni nani hayupo, lakini nimekuja kutazama watu thelathini na macho yangu yanamtazama mmoja tu, na huyo hayupo."

Hakuna aliyeendelea kula. Wakawa wa sita kati ya sita, alama tatu nzima chini ya wa tano.

"Nampigia simu mimi," Dolores alisema, anafuta mikono. "Mtu anaahidi halafu anatuacha tunazunguka kivuli chake? Tumemlea hapa. Nani alimfundisha kutembea kinyumenyume bila kuanguka?"

"Muache," alisema Bernadine.

"Nimuache kwa nini? Wewe ni mama, huwezi. Sisi tunaweza."

Pale palikuwa na nafasi ya kusema. Watu thelathini wamekaa, sahani magotini, ukimya wa kutosha. Wewe unayesoma, kama umewahi kuwa na mlango wa namna hiyo mbele yako ukaona ngoja kwanza nipumzike, ujue kwamba haufunguki tena kwa urahisi ule. Bernadine alikusanya sahani.

Julai yote hakumwona binti yake. Pasaka hakuja, akasema kazi. Bazaa ya kanisa hakuja, ingawa tangu utotoni hajawahi kuikosa. Simu zake zikawa fupi, za dakika mbili, hali ya hewa na afya, na kila Bernadine akifika kwenye "lini utakuja" upande wa pili palikuwa panapoa. Alidhani ni Mwewe wanaomlewesha. Usiku alilala mapema ili siku ipungue. Wakati wa mazoezi, kabla ya noti ya kwanza, alikuwa ameanza kuinamisha kichwa kidogo kuliani, anasikiliza. Kijana wa posta aliliona hilo, akatazama pembeni.

Agosti, siku ya tisa, mzee Pete Lesko wa tuba, tarumbeta kubwa kuliko zote, alikuwa anashuka ngazi za kanisa na sinia la haluski mikononi, akakosa ngazi moja. Kifundo cha mguu kikavunjika mahali pawili. Haluski, alisema mwenyewe hospitalini, haikumwagika.

Kanuni ya chama chao ni kwamba kikosi cha chini ya watu thelathini hakipewi alama, na majina yanafungwa siku ya kwanza ya Agosti. Bernadine ndiye aliyepeleka majina, thelathini kamili. Sasa walikuwa ishirini na tisa. Walt akaandika barua ya kuomba. Jibu likaja kwa heshima: karibuni fainali, mpige, watu wawasikie, lakini bila alama na bila nafasi.

"Mmoja," Walt alisema, ameshika barua. "Tungekuwa na mmoja tu wa ziada."

Bernadine alikwenda bafuni kwenye ukumbi wa zimamoto akafungulia maji, akasimama hapo.

Fainali ni wikendi ya Sikukuu ya Wafanyakazi, mwanzo wa Septemba, kwenye uwanja wa mjini. Wakubwa wanapiga jioni viti vikijaa. Washika Taa waliwekwa saa nne na dakika kumi asubuhi, watu wakiwa bado wanatafuta mahali pa kuegesha. Walikuwa wanapasha midomo nyuma ya lori, nusu duara, Bernadine alipoiona fulana nyekundu ya Mwewe inakuja kati ya mabasi. Aliujua ule mwendo kabla ya kuuona uso.

Akamkimbilia. Mama wa miaka hamsini na tatu, na suruali za gwaride, anakimbia na baritoni mkononi. Corinne alimkumbatia, lakini alimkumbatia kama mtu aliyebeba yai mfukoni.

"Umekonda," alisema Bernadine.

"Mama, nina swali moja, halafu narudi, tuna mazoezi."

"Uliza mwanangu."

"Nani aliwaambia nimeahidi kurudi?"

Wapiga ngoma walikuwa wanaanza. Bernadine akaweka baritoni kwenye nyasi, taratibu, akiitafutia mahali tambarare.

"Dolores ameniandikia tangu Juni," Corinne alisema. "Ameniita mwongo. Bwana wa posta naye, yule niliyemfundisha kusoma daftari la nukta za kusimama, ameniuliza kama sina haya. Jana nimeambiwa mmenyimwa alama, na kwamba ni kwa sababu yangu, mnabeba pengo langu tangu Aprili. Pengo gani langu? Nilikwambia Novemba. Nilikwambia usinisubiri. Nikafikiri labda Walt hakukusikia vizuri, labda wamechanganya. Mama, sikuja majira yote ya joto kwa sababu ya hao watu. Nilifika hadi kituo cha mafuta pale kwenye njia panda wikendi ya bazaa. Nikaliona gari la Dolores. Nikageuza."

"Ulifika kituo cha mafuta?"

"Nilifika."

Ni dakika nne kwa gari kutoka pale hadi mlangoni kwake. Siku ile alikuwa amekaa kwenye meza ya keki tangu asubuhi, anatazama njia.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwambia Walt umeahidi. Nilitaka uwe na mahali."

Corinne alimtazama. Hakupiga kelele, heri angepiga. "Nilikuwa na mahali," alisema. "Nilikuwa na nyumbani. Sasa kila nikikufikiria nawafikiria wao." Akafuta pua kwa mkono wa fulana. "Waambie. Sikulazimishi, ila mimi siwezi kwenda kuwaambia mama yangu ni mwongo. Waambie wewe."

Akaondoka. Bernadine alirudi kwenye nusu duara. Alimwomba Walt asimamishe mapigo. Akasema yote, Januari, namba, Novemba jikoni, na kwa kuwa alikuwa ameshaanza akasema na la Mei, la fundi friji na leso yake.

Kisha Walt akacheka, kicheko kibaya, kifupi.

"Ningechora upya kwa jioni mbili, Bernadine. Jioni mbili na bia nne. Kila mwaka tunakwenda kwenye kikao tunalia Mwewe wanatumaliza. Na wewe ndiye unayelia kwa sauti kuliko wote. Huyu bwana wa friji Mwewe walimchukua?"

"Hapana."

"Nani alimfukuza?"

"Mimi."

"Na miye nimemtukana mtoto wa watu," Dolores alisema. Uso wake mkubwa ulikuwa umekuwa mwekundu. "Bernie, nimemwandikia maneno ambayo padri angenifukuza. Umeniacha niandike. Ulikuwa unakusanya sahani!"

Mtu wa lango akapunga bendera ndogo, zamu yao.

Wakapiga. Viti mia kadhaa vimekaliwa, jua limeanza kuchoma. Pengo liliingia nao uwanjani kama kawaida, kwa sababu asubuhi moja haitoshi kuhamisha watu, na kwa mara ya kwanza Bernadine aliliona kama jaji alivyoliona, kama wenzake walivyolibeba. Alijaribu kuingia kwa mkono wa Walt. Alichelewa, nusu ya pigo.

Baada yao walikuja Wana Daraja, kikosi kidogo cha mji wa saa moja kutoka kwao, watu thelathini na watatu. Kwenye mstari wa baritoni, wa mwisho upande wa kushoto, alikuwa yule mrefu aliyechana nywele kwa maji. Alikosea hatua mara mbili na akarudi mahali pake mara mbili. Wakawa wa nne, na nafasi hiyo hawajaipata miaka kumi. Bernadine alipiga makofi mpaka viganja vikauma, na hakujua kama anampigia yeye au anajiadhibu.

Jioni alikaa juu kabisa kwenye ngazi za uwanja kuwatazama Mwewe. Themanini na wanne. Sauti ilipopanda ilimsukuma kifuani kwa mkono mzima. Ilikuwa nzuri, lazima ikubaliwe. Alimtafuta Corinne kwenye baritoni kumi na nane zinazofanana, kofia moja, hatua moja, na hakumpata. Alifumba macho akatafuta kwa masikio ile pumzi ya puani. Uwanja wa watu elfu tatu. Asingeisikia hata kama angekuwa amekaa kwenye nyasi. Mwewe walishinda kwa alama nne. Hakuna aliyeshangaa, na baada ya matangazo watu wengi walikuwa wameshaanza kutafuta magari yao.

Washika Taa hawakufa, ila walipunguka. Oktoba, kwenye kuhesabiana, walifika ishirini na watatu. Bernadine alitoa daftari la ukatibu kabla hajaombwa, likachukuliwa na kijana wa posta. Walt alimruhusu abaki kwenye baritoni. Dolores alikaa wiki sita bila kumsemesha, kisha siku moja akamletea supu akasema supu si msamaha, ni supu. Lakini kabla ya supu alikuwa ameshamwandikia Corinne, na wengine pia walimwandikia, mmoja mmoja, kila mtu kwa aibu yake.

Corinne alimwandikia mama yake Jumanne moja. "Nitakuja Jumapili baada ya kanisa. Nitakaa saa mbili."

Bernadine alisoma akiwa amesimama. Akaandika: "Na mwakani je, utakuwa", akafuta. Akaandika: "Nitapika, ukae hadi jioni", akafuta na hiyo. Akaandika "Sawa mwanangu," akatuma. Kisha akaipeleka simu chumba kingine, akaifungia kwenye droo ya mashuka, kwa maana vidole vyake bado vilitaka kuuliza.